Nyota Nyekundu Kwenye Tarehe ya Kuzaliwa

Nilijifunza kompyuta kwenye steshenari ya shangazi yangu, Karatu mjini, nikiwa kidato cha kwanza. Nyumbani kwetu ni Mbulumbulu, ambako baba analima ngano na maharage hadi leo, lakini shule niliyochaguliwa ilikuwa mjini, kwa hiyo nikapelekwa kuishi kwa dada yake. Shangazi alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara ya lami, mashine ya kutoa kopi, na kompyuta moja nzito aliyoinunua kutoka hoteli ya watalii iliyokuwa inabadilisha vifaa vyake. Vipindi vikiisha nilikwenda kumsaidia kuchapa barua za kanisa, maombi ya kazi ya madereva wa watalii na kadi za michango ya harusi.

Kila Jumamosi alikuja fundi, mtu mzima aliyehamia kutoka Moshi, kuipuliza ile kompyuta vumbi. Vumbi jekundu la Karatu lilikuwa linaingia hata ulipofunga madirisha. Siku moja nikamuuliza nani anaiambia kompyuta nini cha kufanya. Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Alivuta kiti, akafungua ukurasa mweusi ambao sikuwahi kuuona, akaandika mistari mitatu ya maneno, kisha akaniachia kibodi. Mashine ikaniuliza jina langu. Nilipoliandika, ikanikaribisha kwa jina.

"Hii haifikiri," aliniambia. "Inafanya ulichosema tu. Ukikosea, itafanya kosa lako vilevile, wala haitakuuliza."

Wiki iliyofuata aliniletea kitabu cha kopi kisicho na jalada, kilichofungwa kwa waya. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Nilikisoma nikiwa na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku mbili au tatu. Sijui niseme nilipenda nini hasa. Nadhani ni kusikilizwa. Nyumbani nilikuwa mtoto wa tano kati ya saba, darasani tulikaa wanne kwenye dawati la watu wawili, na sikumbuki mahali pengine popote nilipowahi kusema jambo likatendeka papo hapo.

Siku ya mnada baba alishuka kutoka Mbulumbulu, akapita kunisalimia. Nilimkalisha mbele ya kompyuta nikamwambia aandike jina lake. Aliandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sindano. Alipomaliza, kioo kikamsalimia kwa Kiiraqw, salamu ile ndefu ya kumwuliza mtu habari zake na za nyumbani kwake. Baba alirudi nyuma kidogo, akamtazama shangazi, kisha mimi.

"Nani kaifundisha lugha yetu?"

"Mimi, baba."

Akakigusa kioo kwa kidole kilekile. Halafu akasema, "Basi iambie imsalimie na mama yako."

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kama kuna siku niliyochagua kazi hii ya kuandika programu za kompyuta, ni hiyo. Yaliyofuata sikuyachagua sana. Yalinibeba: masomo ya sayansi, mkopo wa chuo, Dar es Salaam na joto lake, kisha kampuni moja ndogo Arusha, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitenge. Nilipopata mtoto niliomba kufanyia kazi nyumbani, nikarudi Karatu. Watu huniambia nina bahati. Sibishi. Lakini kuna uchovu ambao hauonekani kwa jirani, kwa sababu anakuona umekaa. Mgongo unauma kama nimelima, macho yanawasha, na simu inaingiza ujumbe kabla sijanawa uso. Mtu wa Mwanza hawezi kuingia kwenye mfumo, mtu wa Singida kasahau nywila, bosi anataka jambo lililosemwa jana liwe limekwisha jana. Umeme ukikatika ninahamia kwa jirani mwenye jenereta, nikibeba laptopu kama mgonjwa. Ile furaha ya steshenari sikuiona ikiondoka. Niligundua tu kwamba muda mrefu ulikuwa umepita tangu niiwaze.

Katika hali hiyo ndipo nilipoandika ukurasa wa kusajili watoto wa chanjo. Kampuni ilikuwa imepewa kazi ya kutengeneza mfumo wa zahanati za vijijini, ili wauguzi waache madaftari na watumie vishikwambi. Kwenye kikao mtu mmoja alisema ripoti haitatoka vizuri bila tarehe ya kuzaliwa. Hakuna aliyepinga. Mimi sikupinga kwa sababu kikao kilikuwa cha tatu siku hiyo na nilitaka kiishe. Nikaweka nyota nyekundu pembeni ya tarehe ya kuzaliwa. Maana yake ni kwamba asiyejaza hapo, mfumo haumpokei. Kazi hiyo haikunichukua hata dakika moja.

Miezi kadhaa baadaye likaja lalamiko kutoka zahanati moja ya mbali, upande wa Loliondo. "Mfumo unakataa." Nilijibu: hakikisheni mmejaza sehemu zote zenye nyota. Likaja tena, nikajibu vilevile. La tatu sikuandika upya, nilinakili jibu la mwanzo. Ndipo muuguzi mkuu wa pale akatafuta namba yangu akanipigia. Sauti ilikuwa ya mama mtu mzima, asiye na haraka.

"Wewe ndiye unayetujibu habari za nyota?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, hizo nyota nimeziona. Njoo na wewe uone huku."

Nilidhani bosi atakataa. Alikubali, nafikiri kwa sababu alichoka kusikia jina la zahanati hiyo. Gari la mradi lilinichukua Karatu, tukateremka Mto wa Mbu, tukashika njia ya vumbi ya kaskazini hadi Engaresero, kisha tukapanda milima. Tulilala Samunge. Asubuhi tuliendelea kupita Enguserosambu, mahali ambapo ng'ombe wakikaa barabarani dereva anazima gari na kungoja. Mtandao wa simu ulikuwa umekatika tangu jana yake. Nakumbuka aibu ya kufurahia hilo.

Zahanati ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, safi, yenye benchi nje lililojaa akina mama na watoto. Muuguzi mkuu alinipa chai, hakunipa maneno. Alinikalisha pembeni ya meza yake akaendelea na kazi. Mama wa tatu kuingia alikuwa amembeba mtoto wa kiume mgongoni. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Muuguzi alimwuliza kwa Kimaasai, kisha akanigeukia na kunitafsiria.

"Namwuliza mtoto kazaliwa lini. Anasema alizaliwa mvua za mwisho, ng'ombe walipokuwa wamesharudi kutoka malisho ya mbali, siku mbili baada ya mtoto wa jirani yake. Kazalia bomani, hana kadi. Haya, chukua, andika."

Akanisukumia kishikwambi. Niliandika jina la mtoto, jina la mama, kitongoji. Nikafika kwenye nyota yangu. Nikabonyeza kuhifadhi, nikijua kitakachotokea, na kikatokea: maandishi mekundu, niliyoyatunga mwenyewe, yakinitaka nikamilishe taarifa.

"Mimi najaza tarehe ya kubuni," muuguzi akasema. "Nimezeeka kazini, siogopi. Lakini nilikuwa likizo ya ugonjwa, akaletwa dada mgeni kunishikia. Yeye aliogopa. Dozi isiyoandikwa inaonekana imepotea, na anayejibu ni yeye. Kwa hiyo asiye na tarehe alimrudisha nyumbani akatafute kadi."

"Wangapi walirudishwa?"

"Sijui. Wengi walirudi nilipopona. Mmoja alichelewa."

Alisema hivyo akiwa anaandaa sindano ya yule mtoto, akamchoma, akamtuliza, akaandika kwenye daftari lake la zamani ambalo hakuwahi kuliacha. Kisha akatoka nje, akamwita mama mmoja kutoka kwenye benchi. Mama huyo aliingia na msichana wa kama miaka miwili aliyemshika shuka. Jicho la kushoto la msichana lilikuwa na ukungu mweupe. Surua ilipita bomani kwao wakati mama akiwa bado anaulizia hiyo kadi. Alikuwa amekuja siku hiyo kuchukua dawa ya jicho.

Sikuwa nimepanga la kusema. Nilimwomba muuguzi anitafsirie kwamba mimi ndiye niliyeandika kile kitu kilichomkataa mtoto wake, na kwamba naomba radhi. Muuguzi alinitazama kama anayeniuliza nina hakika. Nikaitikia kwa kichwa. Akatafsiri.

Mama hakukasirika, au hakuonyesha. Aliuliza swali.

"Anauliza kama una mtoto," muuguzi akasema.

"Ninaye mmoja."

"Anauliza alizaliwa lini."

Nikataja siku, mwezi na mwaka. Muuguzi akavitafsiri. Mama akasikiliza hadi mwisho, akauliza tena.

"Anauliza, siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha?"

Nilijaribu kukumbuka. Nakumbuka taa ya dari, nakumbuka saa ya ukutani. Mvua siikumbuki. Nikasema sijui. Mama akaguna kidogo, si kwa dharau, akampandisha msichana wake mgongoni na kwenda dirisha la dawa.

Mchana ule nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya zahanati nikafanya kazi. Nilimwuliza muuguzi yeye hukadiriaje umri. Alinieleza: kwa majira, kwa meno, kwa mtoto wa jirani anayejulikana. Nikaondoa nyota. Nikaweka mahali pa kuandika umri wa kukadiria, na mahali pa kuandika maneno ya mama kama alivyoyasema. Muuguzi alisimama nyuma yangu akinisahihisha. "Hapo usiseme 'haijulikani'. Mama anajua mtoto wake kazaliwa lini. Sema 'bila tarehe'." Nikabadilisha. Hapakuwa na mtandao wa kutuma, kwa hiyo mabadiliko yalikaa kwenye laptopu hadi tulipofika Wasso, ambako nilisimama kando ya barabara nikiwa nimeinua simu juu hadi yakaenda.

Jumatatu nilikuwa tena mezani kwangu Karatu. Nilifungua kikao cha mtandaoni cha saa tatu asubuhi nikiwa sijalala vizuri kwa siku tatu. Mwenzangu wa ripoti aliuliza kwa nini mfumo unaruhusu watoto wasio na tarehe. Nikaeleza. Nilieleza kuhusu mvua na ng'ombe, dada mgeni aliyeogopa, na jicho la yule msichana. Nilisikia mtu akipiga kibodi mahali fulani.

"Hizo grafu zitakuwa na mapengo," bosi akasema mwishowe.

"Zitakuwa nayo," nikasema. "Nyota hairudi. Akitaka mtu kuirudisha, aende kwanza kule."

Hakuna aliyeirudisha. Nilimwandikia muuguzi ujumbe kumweleza, naye baada ya siku mbili, alipopata mtandao, akajibu kwamba mfumo sasa unapokea, ila maandishi ni madogo na macho yake si ya ujana. Nilikuwa na kazi nyingine sita zinazongoja. Niliziweka kando, nikakuza maandishi.