Nyumba Isiyo na Kijiti

Juzi fundi alikuja kunipakia milango rangi, na alipofungua tu chupa ya tapentaini nikajikuta nimeshika ukuta. Msinicheke. Kuna watu ambao harufu hiyo huwakumbusha nyumba mpya. Mimi hunirudisha nje kidogo ya Kibomet, pale Kitale, kwa mchoraji mmoja aliyeitwa Barasa, ambako nilikaa nikingoja baba yangu afe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka minane. Asubuhi moja Baba alitangaza kwamba tunakwenda kumtembelea Barasa, rafiki yake waliyesoma pamoja, tukaone picha. Nilifurahi mno. Sisi tulikuwa wakulima wa mteremkoni, chini ya Kapsokwony, na kwetu hakuna aliyewahi kufunga safari kwenda kutazama picha. Sikujiuliza kwa nini Mama alibeba blanketi zote, wala kwa nini alikifunga kichwa cha cherehani mgongoni kwa shuka kama mtoto mchanga. Mgeni njoo, mwenyeji apone; nilidhani cherehani ni zawadi ya mwenyeji.

Barasa alikuwa na banda refu la mabati lililojaa picha, na kwenye rafu zake vichwa vya mbao vilivyofumba macho. Nilivipita vile vichwa mbio, nimeshika sketi ya Mama. Nyuma ya banda, katikati ya nyasi, zilisimama nyumba tatu ambazo sikuwahi kuona mfano wake. Alikuwa ameunga vyuma vyembamba vikawa pembetatu, pembetatu juu ya pembetatu, mpaka zikapinda na kukutana juu, kisha akazikandika saruji. Hazikuwa na pembe wala nguzo ya katikati. Wageni waliotoka mbali kutazama kazi zake walilala humo, na sisi tulipewa moja.

Wazazi wangu walizishangaa kuta. Mimi nilitazama kileleni. Hapakuwa na kijiti.

Kwetu, nyumba ya msonge ya mwanamume huwa na kijiti kilichosimama juu kabisa ya paa. Mwenyewe akifa, kijiti huondolewa, na kila apitaye njia hujua. Nilishuhudia cha Babu kikiondolewa kule Naitiri, na Kukhu, nyanya yangu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa nyumba hiyo haina mtu. Basi hapa zilikuwa tatu, zote vichwa wazi, na zote zinanuka tapentaini, ambayo moyoni nilishaamua ni dawa ya kupaka maiti.

"Anko, wenye hizi nyumba walikufa?" nilimwuliza Barasa.

Alicheka hadi akavua kofia. "Aki huyu mtoto! Si mwenyewe ni mimi? Nishike mkono uone kama mimi ni maiti."

Nilimshika. Mkono ulikuwa baridi ajabu. Kumbe alikuwa ametoka tu kuosha brashi.

Tangu hapo sikupata raha. Niliamini kwamba mwanamume akilala katika nyumba ya marehemu, kifo kitamhesabu kuwa ndiye mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha hilo, nilijitungia, na hofu ya kujitungia ni mbaya kuliko ya kuambiwa. Jioni nzima nilirusha vijiti juu ya paa letu, angalau kimoja kisimame, lakini vyote viliteleza vikaanguka.

Kesho yake Baba alisema anarudi nyumbani kuangalia ng'ombe. Mama alimshika shati, hataki kumwachilia. Mimi nilirukaruka kwa furaha.

"Baba, lala huko huko! Usirudi hapa!"

Mama akaketi kwenye nyasi, akalia kwa sauti. Barasa aligeuka akawa anatazama mahindi yake. Nilishangaa sana, mtu mzima kulilia ng'ombe.

Baba alirudi siku iliyofuata, jua likiwa utosini, bila ng'ombe, shati limejaa masizi na mwili wote unanuka moshi. Aliingia ndani, akajitupa kwenye mkeka, akalala. Niliona yametimia. Nikaketi karibu na kichwa chake, nikitazama kifua chake kikipanda na kushuka. Kilipochelewa kupanda, nilimtikisa kwa mikono miwili.

Nilikuwa mtu mzima Mama aliponieleza. Hatukuwa tumekwenda kutembea, tulikuwa tumekimbia. Mwaka ule wa vurugu za kikabila nyumba za watu zilichomwa, na wanaume wa kijiji chetu walikuwa wamekesha vichakani majuma mengi wakilinda zilizobaki. Baba alipofika siku ile alikuta yetu imekuwa majivu. Hakutaka nijue, ndiyo maana akaniambia habari za picha. Na chini ya lile paa la Barasa ndipo alipothubutu kufumba macho bila kuogopa, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nami niliyempenda kuliko kitu chochote duniani nikamnyima usingizi.

Nilimwamsha mchana kutwa. Hakunifukuza, hakuniuliza kwa nini. Nina jina la mama yake, ndiyo maana aliniita mama. Kila nilipomtikisa alijibu, macho hayajafunguka: "Niko, mama. Niko."