Turbo ndogo na Baba Yetu mbili: siku bendera ilipotusimamisha Kamina

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Siku ile garini tulikuwa wanne. Mimi Ilunga, kwenye usukani. Mdogo wangu Ngoie, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa. Mume wake Mukalay, mwalimu wa Wametodisti kule Kabongo, aliyempakata kiti cha nyuma. Na Mama Bolumbu, mke wa sajenti wa base ya jeshi ya Kamina, mwenye gari. Nawataja kwa sababu Ngoie na Mukalay wapo hai na wanasoma haya. Nikitia chumvi watanisuta.

Humu nimekuta nyuzi nyingi zinazosema injini ndogo ya petroli yenye turbo haidumu. Sibishani na mtu. Nasimulia nililoliona, enzi za Zaire.

Kwanza mnijue. Wazazi walipofariki mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nikaacha shule ili wadogo zangu wale. Nilijifunza udereva kwenye malori ya mahindi. Mama Bolumbu, mtu wa mbali, wa mkoa wa Équateur, akanichukua niwe dereva wake. Tulikuwa tunafuata karanga Kabongo, yeye anaziuza kwa familia za askari.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la Kifaransa, milango miwili. Mume wake alilipata kwa mkufunzi mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ukilitazama ungesema ni la kwendea sokoni. Lakini turbo ikianza kusukuma, unasikia mluzi mwembamba, halafu mgongo unaganda kwenye kiti. Nililiendesha miaka mingi na mluzi ule sikuuzoea. Kila mara nilihisi kuna kitu kikubwa kimefichwa ndani ya kitu kidogo.

Mkufunzi aliacha sharti: likitoka kwenye mbio, usilizime papo hapo. Turbo inazunguka kwa kasi isiyosemeka, na kinachoipoza ni oili. Ukizima ghafla, oili inasimama na kuungulia mlemle. Hata kabureta inachemka, na gari haliwaki tena mpaka lipoe.

Mama hakuwa na saa, akapata kipimo chake. Kabla ya kuzima: Baba Yetu mbili, polepole, kwa sauti. Asubuhi kabla ya kuondoka: Baba Yetu moja, oili ipande.

Mjini ilikuwa kichekesho. Esansi, yaani petroli, ilikuwa adimu, watu walizima injini hata kwenye mteremko ili waserereke bure. Sisi tunafika sokoni, gari linanguruma limesimama, na Mama amefumba macho.

“Motokari ya kusali njo ile,” wanasema wauza mihogo. “Weye Ilunga, esansi yenu inaenda mbinguni?”

“Inatangulia,” Mama anawajibu. “Itatungojea kule.”

Oili alibadilisha mapema kuliko mtu yeyote niliyemjua. Esansi tuliichuja kwa kitambaa kila tulipojaza. Hayo tu.

Sasa siku yenyewe. Tulifika Kabongo tukamkuta Ngoie ameanza uchungu tangu jana yake, na mtoto hashuki. Mkunga wa zahanati alinivuta pembeni. “Hapa hatuna wa kupasua. Mumupeleke Kamina leo. Kesho itakuwa mambo ingine.”

Karanga tuliziacha. Mama mwenyewe alitupa magunia chini.

Ilikuwa kiangazi, barabara ni mchanga mtupu. Gari lile halikujengwa kwa njia hiyo, lakini kila tulipozama nilikanyaga, mluzi ukaitika, tukatoka. Nyuma Ngoie alikuwa analia kwa sauti ndogo, na Mukalay anamwambia, “Tunafika, tunafika,” hata pale tulipokuwa hatujafika popote.

Katikati ya njia tulikuta kizuizi cha askari.

“Zimisha moteur, njo tusemezane.”

Mama akaomba muda wa Baba Yetu mbili. Askari akacheka. “Munataka kusali ao kupita?” Akaingiza mkono dirishani, akageuza ufunguo mwenyewe.

Walipotuachia, gari halikuwaka. Nilifungua boneti, joto likanipiga usoni. Mama alivua kikwembe chake cha juu, akakilowesha kwa maji yetu ya kunywa, tukafunika nacho kabureta. Kikakauka tukiangalia. Tukalowesha tena. Jua lilitoka juu ya vichwa vyetu likaenda kando ndipo injini ikakubali. Ngoie alikuwa ameacha kulia, na hilo lilinitisha zaidi.

Alinishika bega. “Yaya,” akasema, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, “isizimike tena.”

“Haizimike,” nikasema. Sikujua ninasema nini.

Tuliingia Kamina jioni. Hospitali iko mbele, naiona njia yake. Filimbi ikalia.

Vijana hamjui hili. Bendera iliposhushwa, mji wote ulisimama. Baiskeli, mikokoteni, mama mwenye beseni kichwani, kila mtu palepale alipo. Gari linazimwa, abiria wanashuka, mikono ubavuni. Kutikisika tu ni kosa la kukufungisha.

Nilishuka. Mama akashuka. Ufunguo sikuugusa.

Wakuu, sijui niwaelezeje kimya kile. Mji mzima hausemi, na katikati yake injini yetu peke yake inanguruma. Ilikuwa imevuta mchanga siku nzima, imechemshwa, imekunywa esansi ya madumu, na haikukohoa hata mara moja. Mlio ulikuwa sawa, laini, kama mtu aliyelala vizuri. Nilimsikia Mama pembeni, midomo haitembei, anasali Baba Yetu kwa Kilingala. Bendera ikashuka polepole mno. Nimeingia makanisa mengi. Sijapata tena kusimama vile.

Filimbi ya pili ilipolia, gendarme, askari wa doria, alikuwa amekwisha fika.

“Nani aliacha moteur mbele ya drapeau?”

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia.

“Ni miye. Motokari ni yangu, nilimukataza asizime. Angalia mule ndani, muntu iko anakufa.”

Gendarme alichungulia, akamwona Ngoie. “Motokari iende. Weye unabaki.”

“Ilunga, enda,” Mama akasema. “Unangojea nini, nikusukume?”

Nilikwenda. Ngoie alipasuliwa jioni ileile. Mtoto wa kike alitoka amechoka, lakini analia. Anaitwa Bolumbu.

Mama walimshikilia, wakamfyekesha majani kuzunguka mlingoti wa bendera, mke wa sajenti, mbele ya wateja wake. Nilikwenda kuomba nibadilishane naye, wakanifukuza. Alipotoka, mume wake alikuwa amekwisha hamishwa. Waliondoka kwa ndege ya jeshi mimi nikiwa njia ya Luena kwenye lori la mahindi. Niliporudi, jirani yao alinipa ufunguo wa gari. “Amesema uendelee kusali.”

Gari lile lililea wadogo zangu wote. Lilikufa kwa kuoza bodi. Injini haikufunguliwa, turbo haikubadilishwa.

Kwa hiyo, wakuu, kabla ya kusema turbo ndogo ni mbovu, jiulize unaizimaje, na oili yako ina umri gani. Wenye uzoefu tofauti waweke hapa, nitasoma na kujibu.

Ila adhabu ile ya mlingoti ilikuwa yangu. Nilimtafuta Mama Bolumbu kwa kila askari aliyetoka Équateur, na sikumpata. Majani yale yalikuwa yangu kufyeka, na mpaka leo sijafyeka.