Wati Tatu Zilizomfanya Mlinzi Aitwe Mwizi

Saa nne asubuhi, Mama Nyaya amesimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya mtandao, boksi kalishika kichwa chini miguu juu. Anayafuata kwa kidole maandishi madogo ya nyuma.

"Dada, hiyo ina milango minane. Unatafuta nini tena?" anauliza muuza duka.

"Milango nimeiona. Yote kwa pamoja ni wati ngapi?"

Muuza duka anakuna kichwa. Wateja, anasema, humuuliza milango mingapi na bei gani, basi.

Mama Nyaya naye alikuwa hivyo hivyo. Kwa miaka kumi na moja amefunga kamera za ulinzi na Wi-Fi katika nyumba na ofisi zaidi ya mia mbili. Kisanduku anachokitafuta leo, yeye na mafundi wenzake hukiita swichi ya kulisha, maana waya mmoja unaochomekwa kwenye mlango wake, yaani tundu, hupeleka mtandao na umeme pamoja. Vifaa vinane, milango minane, kazi imekwisha. Ndivyo alivyokuwa akichagua.

Miezi miwili iliyopita alifunga swichi kama hiyo katika zahanati: kamera sita na vifaa viwili vya Wi-Fi. Mlango wa nane, wa mwisho, akaupa kamera ya stoo ya dawa.

Wiki ya tatu akaitwa. Dawa zilikuwa hazionekani stoo, na kamera ya humo ilizimika kila jioni, muda mfupi baada ya mlinzi kuingia zamu. Mama Nyaya alipima waya mchana, akakuta kila kitu kinafanya kazi. Mganga mkuu akamuuliza anaonaje.

"Nilijibu bila hata kumeza mate," anasema. "Nikasema vifaa vyangu ni vizima, hapa kuna mkono wa mtu. Yule baba alikuwa amesimama pale pale mlangoni, ananisikia."

Mlinzi huyo, baba wa watoto watatu, alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Hakubishana. Aliomba jambo moja tu, fundi aje jioni waketi wote mbele ya skrini.

Saa kumi na mbili na nusu wakaketi. Giza likaanza kuingia, kamera nne za nje zikawasha taa zake za kuonea gizani. Papo hapo picha ya stoo ikakatika.

"Mikono yangu hii hapa mezani, dada," mlinzi akasema. "Umeniona nikigusa kitu?"

Mama Nyaya aliishusha swichi ukutani, akasoma kibandiko ambacho hakuwahi kukisoma: wati sitini na tano kwa milango yote. Akachukua kalamu. Mchana vifaa vyote vinane hula wati hamsini na sita. Taa za kamera za nje zikiwaka, hufika sitini na nane. Hapo swichi huunyima umeme mlango wa mwisho ili mingine ishibe.

Wati tatu! Mwandishi wa makala haya alimwomba arudie hesabu, akidhani amesikia vibaya. Tena dawa zenyewe hazikuibwa. Muuguzi wa zamu ya mchana alikuwa amezihamishia chumba cha chanjo, akasahau kusema.

Kesho yake asubuhi Mama Nyaya alikiri kwa mganga mkuu, na mlinzi akarudishwa kazini. Swichi anayoinunua leo ni ya wati mia moja na ishirini, kwa fedha zake mwenyewe.

Alikwenda pia nyumbani kwa mlinzi kuomba radhi. Mke wa mlinzi alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, huko zahanati mmeshamalizana," akamwambia taratibu. "Wanangu shuleni wanaitwa watoto wa mwizi. Hao utawafungia swichi gani?"

Kutoka hapo Mama Nyaya akaenda kumwona mwalimu mkuu wa shule yao, ambaye amemruhusu kusimama mbele ya wanafunzi Jumatatu asubuhi, wakiwa mstarini.

"Nimejaribu kuandaa maneno ya wati na milango, nimeona nitawachosha watoto bure," anasema, akimsogezea muuza duka boksi. "Nitawaambia kamera niliizima mimi."