Halijafika

Fundi wa programu wa hospitali yetu husoma skrini kwa kidole, mstari kwa mstari, akinong'ona. Majibu ya maabara humfikia kwa XML, maandishi ya kompyuta yaliyojaa alama. Yeye huyageuza yasomeke na daktari. Zamani, jibu likikosekana, mfumo ulijaza sifuri. Akaiondoa. Mkuu wake akanuna, eti nafasi tupu zinatia aibu. "Mkuu, sifuri nayo ni jibu. Hili halijafika," alisema, akifuta miwani kwa pindo la shati, kisha akaweka neno hilo penye nafasi tupu. Tangu hapo, kila skrini inapoandika "halijafika", hushuka ngazi kuja kutuuliza sisi wa maabara. Jana alikuja na karatasi mkononi.

"Leo unafuatilia la nani?" nikamuuliza.

"La mgonjwa," akasema, akifuta miwani iliyokuwa safi.

Kwenye karatasi palikuwa na jina la mama yake.