Nilimchongea mwalimu wa uchumi, kumbe alikuwa akitufundisha

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya yalinikuta mwenyewe miaka ya tisini, sekondari moja ya bweni kisiwani Mombasa. Sitii chumvi, na aibu iliyomo ni yangu.

Nilikuwa kidato cha tatu, kiranja wa darasa, mjuaji kupita kiasi.

Mwalimu wetu wa uchumi, Mwakio, Mtaita, hakuwa mtu wa kutuandikisha nots. Yeye alitupa matatizo. Mara twende sokoni Marikiti tuulize kwa nini nyanya hushuka bei alasiri, kisha turudi tubishane.

Mimi nilihofia silabasi haitakwisha. Nikaenda kwa hedimasta kimyakimya, nikamwambia hatufundishwi.

Wiki hiyo hiyo mifereji ya maji ikakauka shule nzima. Likabaki tangi moja la maji, la kutufikisha Ijumaa kwa shida. Mwakio akaomba ruhusa kwa hedimasta, akatuwekea ufunguo wa tangi mezani.

"Hayatoshi. Gaweni."

Nikapitisha wazo langu: anayewahi ndiye achote.

Saa nne tangi tupu. Wenye ndoo kubwa wamejaza, kidato cha kwanza wanatoa macho tu. Mpishi wetu, Bi Mishi, akaja darasani na sufuria kavu.

"Wanangu, mwagawa maji, na jikoni hamkupita kuniuliza? Leo mwala nini?"

Nyuma yake hedimasta. Akamwambia Mwakio kwamba ameshaletewa malalamiko, na leo anaandika barua ahamishwe.

Mwakio akasema kosa ni lake, ufunguo aliutoa yeye. Hakunitaja.

Wakuu, iliniuma sana. Nikasimama, nikamgeukia Mwakio.

"Mwalimu, aliyelalamika ni mimi. Na mpango huu pia ni wangu. Tupe hadi adhuhuri."

Hedimasta akakubali kungoja. Tukapita bweni kwa bweni kuomba ndoo zirudi. Nilitukanwa, na ilikuwa haki yao. Safari hii tukauliza kwanza: Bi Mishi, wanaotawadha, hata wale wadogo. Jiko likatangulia, kisha udhu na kunywa. Kufua kukasimama.

Ijumaa ikafika, maji yakatosha, barua haikuandikwa.

Nikaenda kumuomba radhi Mwakio. Akaniuliza nilikuwa nataka nini hasa nilipomshtaki.

"Kupasi mtihani, mwalimu. Saa ni chache na silabasi ni ndefu."

"Hilo nalo ni tatizo. Lilete darasani kesho."

Nikalileta. Tukapanga wenyewe saa za nots na saa za kubishana, na yeye akafuata ratiba yetu hadi tulipomaliza shule.

Funzo langu: kabla hujamshtaki mtu, muulize anafanya nini. Na mwalimu anayekubali kubeba kosa lako huku ukijifunza, mheshimu sana.

Nani mwingine hapa aliwahi kumchongea mwalimu kisha akajuta? Semeni, nisibaki na aibu hii peke yangu.