Vipimo Ambavyo Baharanyi Hakuvipima

Baharanyi alikuwa karani wa shule ya msingi huko Ndosho, mtaa wa Goma, mtu wa upande wa Bukavu aliyekuja Goma kijana akaoa hapo. Mwaka 2002 lava iliteremka kutoka mlima wa volkano ulio juu ya mji, ikafunika nyumba yake katikati ya mji. Basi miaka saba baadaye, wataalamu wa Kongo, Rwanda na Ulaya waliposhirikiana kutafuta watu wa kupima joto la nyufa za mlima, yeye alikuwa wa kwanza kuandikisha jina.

Kila Jumatatu na Ijumaa, baada ya shule, alipanda pikipiki hadi Kibati, akatembea mpaka kwenye ufa wake, akateremsha kipimajoto kwa waya, akasubiri, akaandika namba katika kaye, daftari lake la vipimo. Vipimo vya pande zote mbili za mpaka viliunganishwa, ili Goma na Gisenyi ya Rwanda, zinazokaa chini ya mlima mmoja, zipate onyo pamoja. Kwa miaka mitatu hakukosa siku. Wanafunzi walimwita Papa Volkano, na alipenda kuitwa hivyo.

Julai 2012 waasi walisogea, mapigano yakafika Kibati kwenyewe. Jumatatu moja dereva wa pikipiki alisimama njiani.

"Muzee, mimi siendi mbele."

Baharanyi alirudi nyumbani, akaketi barazani, akafungua kaye. Ijumaa iliyopita ilikuwa sitini na tatu. Akaandika sitini na nne. Alijiambia kwamba Ijumaa angekwenda. Hakwenda. Kulipotulia alikwenda kweli; risasi ziliporudi aliandikia tena barazani. Kufikia Desemba kurasa zilikuwa zimejaa, za kweli na za kutunga, kwa mwandiko uleule mzuri wa karani.

Februari wapimaji wote waliitwa mkutanoni Gisenyi. Mtaalamu mmoja wa Ulaya alionyesha ukutani mstari mrefu usiokatika.

"Hiki ni kituo cha Kibati," alisema. "Vita vinapigwa, na Bwana Baharanyi hakuacha hata wiki moja."

Watu walipiga makofi. Kisha ukaja mstari wa Mukashyaka, mjane aliyepima upande wa Rwanda. Ulikuwa umekatika-katika. Akaombwa asimame aeleze.

"Wanajeshi walifunga njia," alisema. "Siku nisiyofika, niliandika sikufika."

"Mbona mwenzako alifika?" mtu akauliza kutoka nyuma, na wengine wakacheka.

Mukashyaka aligeuka akamtazama Baharanyi, bila hasira, kama anayetaka kujua mwenzake aliwezaje. Baharanyi aliinama akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Alipoitwa kupokea cheti, alikwenda akakipokea.

Mwezi uliofuata alisikia kwamba Mukashyaka ameondolewa kazini, akidhaniwa mvivu kwa kuwa mwenzake wa Kibati hakukosa hata wiki. Mkewe, Olive, alikuwa ametundika cheti sebuleni, na kila mgeni alionyeshwa. Baharanyi akaanza kula jikoni.

"Papa Nshobole, uko na shida gani?" Olive alimuuliza. Nshobole alikuwa binti yao wa kwanza.

Akamwambia yote. Olive akaenda akakitoa cheti ukutani.

"Anza na ule mama," alisema.

Jumamosi Baharanyi alivuka mpaka. Alimkuta Mukashyaka akichambua maharagwe mlangoni, akamweleza akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti.

"Uliniona nikisimama pale," Mukashyaka alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi waambie waliokupigia makofi."

Baharanyi alikwenda ofisi ya mradi huko Himbi, kwa Donat, msimamizi wake. Donat alimsikiliza, akamsogezea kaye.

"Nionyeshe za uongo, tuzifute."

Baharanyi alipitisha kidole kwenye ukurasa. "Hii nilienda... Hapana. Hii labda." Hakuweza tena kuzitenganisha.

"Ungeacha wazi, papa," Donat alisema. "Pengo tunajua namna ya kulishughulikia."

"Lakini ile miaka mitatu ya kwanza ni ya kweli yote."

"Nitawaambia nini wenzetu wa Rwanda na wa Ulaya ili waiamini?"

Kituo chote kikaondolewa kwenye hesabu za mradi, tangu siku ya kwanza. Mukashyaka aliandikiwa barua arudi kazini. Alijibu kwamba hataki.

Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na siku chache baadaye watu waliamriwa kuhama. Asubuhi ile, kwenye barabara ya Sake iliyojaa watu na magodoro, jirani yake Kahambu alimkaribia.

"Papa Baharanyi, wewe ulikuwa unapimaka mulima. Haukuona kitu?"

Kwa miaka minane alikuwa amewaambia majirani kwamba mradi ulikwisha.

"Walinitoa," alisema. "Niliandika namba za uongo."

Kahambu alimtazama, akaweka sawa mzigo kichwani, akaongeza mwendo. Olive alibaki akitembea kando ya mumewe mpaka Sake.