Mkalimani wa Chumvi

Chekeni tu, Kwihara nzima imeshacheka, nimebaki mimi. Darasa la sita niliacha shule (walimu walikuwa wananichelewesha), nikazunguka weee, na nilipokuwa Igunga napakia mpunga kwenye malori nikajifunza Kiingereza cha mapishi kwenye video za simu, nikarudi kwa shangazi Mwajuma nikiwa profesa wa jikoni.

Basi mwenye gari anayeleta wageni kutazama lile tembe la zamani, nyumba ya udongo ya hapa kwetu, akamwomba shangazi awafundishe kupika nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga. Wakifurahi atawaleta kila wiki. Akataka kutafuta mkalimani mjini.

"Mkalimani wa nini, na mimi nipo?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa na sentensi tatu. "Add salt", tia chumvi. "Stir slowly", koroga taratibu. "Let it boil", acha ichemke. Kwenye simu zilikuwa zinatosha kabisa.

Mwenye gari akasogea pembeni kuongea na simu, shangazi akaanza. Akaeleza mama yake alivyokuwa akianika majani yale, habari ndefu, tamu, wageni macho yote kwangu, nami nikatafsiri kwa sauti ya kitaalamu: "Add salt." Wageni wana nidhamu, kila mmoja na chungu chake, wakatia. Shangazi akasimulia njaa ya utotoni mwake. "Stir slowly. Add salt." Wakatia. Akasifia karanga za Tabora (sasa hapo ningefanyaje?). "Add salt."

Shangazi akaonja chungu cha mama mmoja mwenye kofia, akafumba macho.

"We Ramadhani, hawa watu wana nini na chumvi?"

"Ndivyo wanavyokula kwao, shangazi."

"Hebu waulize, nani kawafundisha?"

Nikawageukia. Walikuwa wananisubiri, vijiko mkononi.

"Let it boil," nikasema. "Add salt."

Mwenye gari alikuwa amesharudi, yuko nyuma yangu. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Bi Mwajuma, anayewafundisha ni huyuhuyu mtoto wa kaka yako!"

Wageni bado wanakuja, kwa sharti moja: mkalimani asiwepo. Shangazi anafundisha kwa mikono na wanamwelewa vizuri sana, inaudhi. Mimi nachota maji, maana siku ile waliyamaliza yote. Na nimeapa, sifungui tena kinywa jikoni kwa mtu mpaka nijue Kiingereza cha "basi, inatosha".